Uzoefu wangu na sailensa ya bunduki ya .22: kwa nini matundu yalitawanyika

Sailensa hii, yaani kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki, naipenda, na siku hizi nikienda uwanja wa shabaha haitoki mdomoni mwa mtutu. Nikifyatua, kinachosikika zaidi ni pini kugonga ganda, kisha risasi kutua kwenye ubao. Lakini mwanzoni ilinikosesha raha. Bunduki yangu ni .22 ya kukoki kwa mkono, na bila sailensa ilikuwa ikikusanya matundu ya risasi kwenye shabaha ndani ya sentimita 2 kwa umbali wa mita 50. Nikifunga sailensa, matundu yaleyale yalitapakaa hadi sentimita 6 au 7. Naandika haya kwa sababu najua wapo wanaouza sailensa nzuri kwa hasara kwa kuidhania mbovu.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni matundu kuhama: kundi la matundu linabaki dogo, ila limeshuka au limesogea kando. Hilo si ugonjwa. Mtutu hutikisika risasi inapopita ndani yake, na ukiutundikia uzito mdomoni unatikisika kwa namna nyingine. Rekebisha darubini sailensa ikiwa imefungwa na mambo yameisha. La pili ni kundi kupanuka, na hilo ndilo lenye chanzo cha kutafutwa. Langu lilikuwa limepanuka.

Kabla ya kugusa chochote nilipiga kwa zamu, bila sailensa na nikiwa nayo, kwa risasi za boksi moja, bunduki ikiwa juu ya vifuko vya mchanga. Bila kipimo cha namna hiyo mtu anabaki kubahatisha. Kisha nikawa naijaribu sailensa kwa mkono kila nilipobadilisha magazini, na ikaonekana inalegea polepole. Ikilegea hata kidogo, kila risasi ni kama inatoka kwenye bunduki tofauti na iliyotangulia. Nilipotazama kwenye bega la mtutu, pale hesi (mifereji ya kuskrubia sailensa) zinapoishia, nilikuta masizi na vumbi la madini ya risasi vimeganda. Sailensa inatakiwa kukaa juu ya bega hilo na kulibana pande zote. Hapa ilikuwa imekaa juu ya uchafu, kwa hiyo ilikuwa imeinama na haikuwa na pa kushikilia. Nililisafisha bega kwa kitambaa na mafuta ya bunduki, nikafunga tena kwa mkono hadi ikagota.

Anayenunua atazame hesi kwanza. Nyingi zinazotoka Marekani ni 1/2×28 (kipenyo cha nusu inchi, hesi 28 kwa inchi), wakati Uingereza utakutana sana na 1/2×20. Zikipishana, duka litakuuzia kiunganishi cha kati, nacho ni sehemu nyingine inayoweza kupinda. Mimi ningetafuta sailensa yenye hesi ya mtutu wangu, hata kwa kusubiri.

Baada ya kufunga, hakikisha bunduki haina risasi, toa boliti (kile chuma cha nyuma kinachofunga chumba cha risasi), kisha pitisha fimbo iliyonyooka ya kipenyo cha tundu la mtutu hadi itokeze upande wa pili. Fimbo ionekane katikati ya tundu la sailensa. Ikiegemea upande mmoja, usipige. Risasi ikigusa visahani vya ndani vya sailensa, vile vinavyozuia gesi, inapinda, na ikivigonga sawasawa inaharibu sailensa na inaweza kumuumiza mtu. Fimbo yangu ilikaa katikati, na kundi lilikuwa limeshapungua. Lakini halikuwa limerudi lilipotoka.

Nusu iliyobaki ya tatizo ilitokana na risasi zenyewe. Nilikuwa natumia zile za kasi kubwa, zinazotoka mtutuni kwa karibu mita 380 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi joto 20. Risasi ya namna hiyo inaanza safari ikiwa mbele ya sauti, halafu inapungua kasi na kuvuka mpaka huo ikiwa angani, na hapo ndipo inapoyumba. Mlio wake wa kupasua hewa nao sailensa haiuzuii kamwe, kwa sababu hautokei ndani ya mtutu. Nilihamia kwenye risasi za chini ya kasi ya sauti, karibu mita 320 kwa sekunde, zenye uzito wa kawaida wa gramu 2.6. Kundi likabana, na ukimya nilioulipia nikaupata.

Hata hivyo, si kila risasi ya polepole inafaa. Nilipobadilisha aina, nilipiga kadhaa kwanza bila kuhesabu matokeo, maana risasi za .22 hupakwa nta na kila kiwanda kina nta yake. Mtutu unahitaji muda kuizoea mpya. Angalia pia kama kasi inalingana kati ya risasi moja na nyingine. Tofauti ya mita 10 tu kwa sekunde inashusha au kupandisha tundu karibu milimita 8 kwa mita 50, na karibu sentimita 3 kwa mita 100. Ukiona matundu yamejipanga wima, shuku kasi kabla ya kushuku sailensa.

Zipo pia risasi nzito za .22 zenye gramu 3.9, ambazo nashauri zisipite kwenye sailensa bila kuthibitishwa. Mitutu mingi ya .22 huzungusha risasi mara moja kila inchi 16, na mzunguko huo ni mdogo mno kwa risasi ndefu kama hizo. Zinaweza kuyumba na kupinduka zikiwa angani. Zijaribu kwanza bila sailensa: tundu likitokea la mviringo mrefu kwenye karatasi badala ya duara, zitoe kabisa.

Kuhusu sailensa yenyewe, sifa ninayoithamini zaidi ni kwamba inafunguka. Risasi za .22 hutengenezwa kwa madini laini yanayoitwa pia risasi, mara nyingi bila ganda la shaba gumu juu yake, na uchafu wake unajaa haraka. Iliyofungwa moja kwa moja kiwandani huwezi kuisafisha ipasavyo, nayo huzidi kuwa nzito kila unapopiga. Vaa glavu unapokwangua visahani, na usifuate ule ushauri wa kuviloweka kwenye siki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi. Mchanganyiko huo huyeyusha madini ya risasi ukatoa chumvi yenye sumu kali, na aluminiamu inaliwa nao.

Kasoro ninazo mbili. Risasi ya kwanza baada ya kupumzika ina mlio mkubwa kuliko zinazofuata, kwa sababu hewa iliyo ndani huisaidia baruti kuendelea kuwaka. Ninapopima kundi, hiyo siihesabu. Ya pili ni joto. Ukipiga mfululizo, hewa ya moto inapanda kutoka kwenye sailensa na kupita mbele ya darubini, lengo linaonekana kama linacheza. Kitambaa kinene cha kuifunika kinapunguza tatizo, au pumzika.

Kwa sasa kundi langu limerudi kwenye sentimita 2 au kidogo zaidi, sailensa ikiwa mahali pake. Naipendekeza kwa anayepiga shabaha kwa mita 50 na aliye na kibali chake, kwani nchi nyingine hutaka kibali cha sailensa peke yake na nyingine zimeipiga marufuku. Nikinunua ya pili nitachukua yenye visahani vya chuma kisichoshika kutu. Vya aluminiamu ni vyepesi, lakini kuvikwangua kunataka mkono wa taratibu mno.