Grafu za Microsoft Excel: Hodari wa Kuchora, si wa Kushauri

Katika ofisi nyingi za halmashauri, shule na asasi za kiraia nchini Tanzania, ripoti haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka iwe na grafu, na mara nyingi grafu hiyo huchorwa kwa Microsoft Excel. Sitaitathmini programu nzima, kwa kuwa uwezo wake wa kukokotoa hauna mjadala. Ninauliza jambo moja tu: je, inamsaidia mtumiaji kupata aina ya grafu inayolingana na swali alilonalo? Kwa jaribio hili nimetumia matokeo ya sensa, ambayo yako wazi kwa kila mtu.

Tuanze na grafu ya mstari, ambayo kazi yake ni kuonesha mabadiliko ya kitu kimoja kadiri muda unavyokwenda. Sensa za Tanzania zilihesabu watu milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 17.5 mwaka 1978, milioni 23.1 mwaka 1988, milioni 34.4 mwaka 2002, milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022. Ukiingiza miaka katika safu ya kwanza na idadi katika safu ya pili, kila safu ikiwa na kichwa chake, kisha ukaagiza grafu ya mstari, Excel huelekea kuichukulia miaka yenyewe kuwa takwimu na kukuchorea mistari miwili, mmoja wa watu na mwingine wa miaka. Dawa yake ni kuacha wazi kisanduku cha juu kabisa cha safu ya miaka, jambo ambalo mtu hawezi kulikisia asipoambiwa.

Hilo, hata hivyo, huonekana mara moja na hurekebishwa. Tatizo kubwa zaidi halionekani. Grafu ya mstari ya Excel huichukulia miaka iliyoandikwa kama namba za kawaida kuwa majina tu, na kuipanga kwa nafasi zilizo sawa, ilhali kati ya sensa ya 1988 na ile ya 2002 ilipita miaka 14, na kati ya 2002 na 2012 ilipita miaka 10 tu. Katika kipindi cha kwanza waliongezeka watu milioni 11.3, na katika cha pili milioni 10.5, kwa hiyo mstari unalala kidogo baada ya 2002, na msomaji anaondoka akiamini kwamba kasi ya ongezeko ilipungua. Ukweli ni kinyume chake, kwa sababu wastani wa ongezeko ulipanda kutoka takribani watu laki 8 kwa mwaka hadi zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Anayetaka picha sahihi achague grafu ya mtawanyiko yenye nukta zilizounganishwa, kwa kuwa hiyo huipa kila namba nafasi inayostahili kwenye mhimili wa mlalo. Mwenzetu wa Kenya anaweza asikutane na kasoro hii hata siku moja, maana sensa za huko zimefanyika kila baada ya miaka 10, kuanzia 1969 hadi 2019, na kwake grafu ya mstari na ya mtawanyiko zitatoa umbo lilelile.

Grafu ya nguzo ndiyo ya kulinganisha makundi, na hapa Excel inastahili sifa kwa wepesi wake. Kwa mikoa 31 ya Tanzania, ambayo baadhi yake ina majina marefu kama Mjini Magharibi na Kaskazini Pemba, nguzo za kulala zinafaa kuliko za kusimama, kwa sababu majina husomeka bila kuinamisha shingo. Ila utashangaa kuona mkoa wa kwanza katika jedwali umewekwa chini kabisa ya grafu, nawe utalazimika kuingia katika mipangilio ya mhimili ili kuupindua mpangilio.

Linalonikera zaidi katika nguzo ni mahali zinapoanzia. Jicho hupima urefu wa nguzo nzima, kwa hiyo mhimili wake sharti uanze sifuri. Mwaka 2022 Tabora ilikuwa na watu milioni 3.39, Morogoro milioni 3.20, Dodoma milioni 3.09, Kagera milioni 2.99 na Geita milioni 2.98. Kwa kuwa namba hizi zimekaribiana, Excel ikiachiwa ijiamulie huanzisha mhimili juu ya milioni 2.5, na nguzo ya Tabora hutokea ndefu karibu mara mbili ya ile ya Geita au hata zaidi, wakati tofauti halisi ni asilimia 14 hivi. Kuandika sifuri katika mipangilio ya mhimili ni kazi ya sekunde chache, lakini ni nani anayekumbuka saa ambayo mkuu wa idara anaidai ripoti?

Kuhusu grafu ya duara sina mengi. Inafaa pale sehemu zinapokuwa chache na zinapojumlika kuwa kitu kizima, kwa mfano kuonesha kwamba Zanzibar ina takribani asilimia 3 ya watu wote wa Jamhuri ya Muungano. Kuigawa katika vipande 31 vya mikoa ni kumchosha msomaji bure, na ile ya pande tatu isiguswe kabisa, kwa kuwa kipande kilicho mbele huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Histogramu iliongezwa katika toleo la 2016. Mwalimu anayetaka kuona alama za wanafunzi zimesambaa vipi kati ya 0 na 100 ataipenda, kwa sababu hupanga alama katika madaraja yenyewe na kuzigusanisha nguzo, tofauti na grafu ya nguzo ambayo huacha nafasi kati ya kundi na kundi. Asije tu akaituma kwa mwenzake anayetumia toleo la 2010, kwani huyo atafungua faili na asiione grafu.

Kitufe cha kupendekeza grafu, kilichokuja na toleo la 2013, hutazama umbo la jedwali, nacho hakijui unachotaka kumwambia msomaji. Mimi hukitumia kuona sampuli tu. Kwa anayeanza, na hasa asiye na bajeti, ningemshauri ajaribu kwanza Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, ambayo ni bure na ambayo, kabla ya kuchora, humpa nafasi ya kutia alama kwamba safu ya kwanza ni ya majina. Sura ya grafu zake ni ya kizamani kidogo, nami bado hurudi Excel ninapoandaa ripoti ya kuchapishwa. Asiyetaka kulipia ada ya mwaka anaweza kutumia Excel ya kwenye kivinjari bila malipo, ingawa mipangilio yake ni michache kuliko ya programu kamili.