ElGrandeToto na Caméléon: Kidarija kikikaa vizuri juu ya biti

Nguvu ya ElGrandeToto, rapa wa Casablanca aliyetoa albamu ya Caméléon, iko kwenye lugha anayochania kuliko kwenye biti. Ni Kidarija, Kiarabu cha mitaani cha Moroko, lugha inayokula irabu. Kiarabu sanifu kinasema "katabtu", yaani nimeandika. Mmoroko anatamka "ktebt", silabi moja tu, konsonanti zimebanana kama abiria kwenye basi la jioni. Sisi wa Kiswahili tunahitaji silabi tano kusema jambo hilohilo. Kwa hiyo mstari wake mmoja hubeba maneno mengi mno na bado anapata nafasi ya kuvuta pumzi.

Kuna kitu kingine kwenye sarufi hiyo ambacho Toto anakitumia kuliko rapa yeyote wa rika lake. Ukikanusha kwa Kidarija unaweka "ma" mbele na "ch" nyuma, na hiyo "ch" husomwa "sh" kwa mwandiko wa Kifaransa: "ma ktebtch", sikuandika. Makanusho mengi huishia kwa "sh", na "sh" ni sauti ya hi-hat, yale matoazi madogo ya ngoma. Rapa akipanga makanusho manne mfululizo, vina vimejitengeneza na mdomo wake umeshaongeza ala kwenye biti. Sikiliza miisho ya mistari yake ukiwa na hilo kichwani, utaanza kufurahia hata kabla hujaelewa neno.

Jina lake halisi ni Taha Fahssi, mzaliwa wa 1996, kijana wa mtaa wa Benjdia katikati ya Casablanca. Hakuikuta hip hop ya Moroko ikiwa changa. Tamasha la L'Boulevard lilianza mjini humo 1999 na likawapa jukwaa vijana wa rapu na roki. H-Kayne wa Meknes na Fnaire wa Marrakech walichanganya rapu na ngoma za kwao, Muslim akapeperusha bendera ya Tangier, na 2006 Don Bigg akatoa Mgharba Tal Mout, albamu iliyothibitisha kwamba Kidarija kikali cha mtaani kinaweza kubeba kazi nzima. Lakini kizazi kile kilikuwa na tatizo la mapato: wimbo ukitoka leo, kesho nakala bandia ya CD imejaa soko la Derb Ghallef na msanii haambulii kitu. Toto alipanda wakati tofauti. Spotify ilifungua milango Moroko mwishoni mwa 2018, akiwa ndiyo anaanza kusikika, na kufikia mwisho wa 2021 mtandao huo ulimtaja kuwa msanii wa Kiarabu aliyesikilizwa zaidi Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Mwaka huo ndio uliotoa Caméléon.

Caméléon maana yake kinyonga, na jina limetendewa haki. Albamu inatoka drill inaingia trap, mitindo miwili ya rapu yenye besi nzito, inatoka trap inaingia nyimbo za kuimba, na ndani ya ubeti mmoja Kidarija hupokezana na Kifaransa, Kiingereza na Kihispania. Wanaolalamika kwamba mchanganyiko huo ni kujionyesha wanakosea. Casablanca inaongea hivyo sokoni na kwenye teksi. Kuchana kwa lugha moja safi ndiko kungekuwa kuigiza. Sauti yake yenye mikwaruzo ndiyo uzi unaoshona yote hayo pamoja.

Upungufu upo, na ni mmoja mkubwa. Anapokiacha Kidarija kwa muda mrefu na kuegemea kiitikio laini cha Kifaransa chenye autotune nzito, ile programu ya kunyoosha sauti, anapoteza silaha yake. Irabu za Kifaransa zinapanguza zile konsonanti zilizobanana, na autotune inalainisha mikwaruzo ya sauti. Kinachobaki ni wimbo mzuri ambao hata mwingine angeuimba. Mghayer ya 2021 ndiyo inayoonyesha njia sahihi: ni wimbo wa majonzi, anaimba zaidi ya kuchana, lakini Kidarija kimebaki kifuani mwa wimbo na ndiyo maana unauma. Albamu nayo ni ndefu. Ukiisikiliza kwa mkupuo mmoja, nyimbo za nusu ya pili zitaanza kufanana. Igawe mara mbili.

Vifaa navyo vina neno. Besi ya drill na trap huteremka chini ya hezi 60, na spika ndogo ya simu haifiki huko. Ukisikiliza kwa simu mkononi utasikia hi-hat na sauti tu, utasema biti ni nyembamba. Vaa hedfoni hata za bei ya chini, mradi zizibe sikio vizuri, kwa sababu hewa ikipenya besi inapotea. Na usipandishe besi kwenye ekwalaiza: itafunika konsonanti, na konsonanti ndizo ulizozifuata.

Kutafuta nyimbo nako kuna mtego. Wamoroko huandika Kidarija kwa herufi za Kilatini na kujazia na tarakimu: 3 ni herufi ya Kiarabu ain, 7 ni ha nzito ya kooni, 9 ni herufi qaf. Ndiyo maana kuna jina kama 7elmet Ado, ndoto ya kijana. Ukiandika "Helmet" utaletewa kofia za pikipiki. Kumbuka pia "ou" ni u. Tafsiri za mashine usiziamini. Nyingi husoma Kidarija kama Kiarabu sanifu na kutoa sentensi zisizo na kichwa wala miguu. Afadhali ushike maneno machache yanayorudi kila mara: "khoya" ni ndugu yangu, "drari" ni vijana wetu, "bzaf" ni sana, "daba" ni sasa. Mengine utayatambua mwenyewe, maana ni binamu wa maneno yetu: "denya" ni dunia, "weqt" ni wakati, "khbar" ni habari, na "sa7bi", rafiki yangu, ndiye sahibu wetu.

Baada ya Caméléon alitoa albamu iitwayo 27 mwaka 2023, kisha Salgoat mwaka 2025. Zote zina nyimbo za kurudia, ila mgeni asianzie huko. Aanze na toleo la Afrika Kaskazini la Love Nwantiti ya CKay wa Nigeria, kwa sababu biti anaijua tayari na atasikia wazi Toto anachoongeza. Kisha Mghayer mara mbili, ya pili akiwa na maneno mbele ya macho. Ndipo aingie Caméléon, nusu ya kwanza, hedfoni masikioni, sikio likisubiri "sh" mwishoni mwa mstari.