Mikanda ya ncha sita ndani ya Subaru yetu: niliyojifunza baada ya kuifunga mara mbili

Kwenye rali mimi ni navigeta, yaani namsomea dereva noti za njia; kaka yangu ndiye dereva. Subaru Impreza yetu tuliinunua ikiwa na keji ya vyuma tayari, ile fremu ya mabomba inayowakinga waliomo gari likipinduka, lakini mikanda yake ilikuwa imechakaa na mwaka ulioandikwa kwenye lebo ulikuwa umepita. Tukaagiza kutoka Italia seti mbili za ncha sita, yaani mikanda inayofungwa sehemu sita, zenye lebo ya FIA 8853-2016, kiwango cha shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari. Pamoja na usafiri na ushuru zilitugharimu karibu shilingi laki moja za Kenya. Watu wengi wamenitumia ujumbe wakiuliza nilinunua mikanda gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimeifunga wapi, na hapo ndipo nilipoumia mgongo.

Mikanda yenyewe ni mizuri, sina lalamiko. Ile ya mabegani ina upana wa milimita 75, kisha inapungua hadi 50 pale inapolalia HANS, kile kifaa cha kukinga shingo kinachokaa mabegani na kushikana na helmeti. Bizimu ni la kuzungusha na linafunguka kwa mkono mmoja hata ukiwa na glavu. Mikanda miwili ya mapajani, inayopita kati ya miguu, ndiyo watu huidharau, wengine huiacha inaning'inia kwa sababu inasumbua kuvaa. Naomba msifanye hivyo. Gari likigonga kwa mbele, ile miwili ndiyo inayozuia mwili usiteleze chini ya mkanda wa kiuno. Ukiteleza, mkanda unaacha mfupa wa nyonga unapanda tumboni, na tumboni hakuna mfupa wa kuupokea.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwenye mkono safi wa kuchomelea. Aliona sakafuni, nyuma yetu, tundu za mikanda ya abiria wa kiti cha nyuma, akaniambia, "Dada, tundu za kiwandani zipo, tutoboe chuma cha nini?" Nikakubali. Mkanda ukatoka begani, ukapita kwenye mgongo wa kiti, ukashuka kwa mteremko mkali hadi sakafuni. Niliuvuta kwa nguvu zangu zote na haukutingishika. Kwa macho yangu kazi ilikuwa imekwisha.

Mazoezini, kila gari lilipotua kutoka kwenye tuta, nilihisi kama mtu amenirukia mabegani. Nikadhani ni ugeni wa kiti. Nilimeza dawa za maumivu, nikaendelea kusoma noti.

Aliyetuokoa ni mkaguzi wa mashindano ya klabu. Aliweka simu juu ya mkanda wangu akasoma pembe: nyuzi 58. Kanuni za FIA zinataka mkanda wa bega ushuke kuelekea nyuma kwa pembe isiyozidi nyuzi 45 kutoka usawa wa ukingo wa juu wa mgongo wa kiti, na zinapendekeza isizidi 10. Siku hiyo hatukuanza. Kaka alikasirika sana, maana ada ya kushiriki tulikuwa tumeshalipa.

Nilipokaa na kalamu nyumbani nikaelewa mgongo wangu ulikuwa unalia nini. Mkanda ukishuka kwa nyuzi 45, karibu asilimia 70 ya mvuto wake inakusukuma chini, na kinachopokea ni uti wa mgongo. Ukishuka kwa nyuzi 10 inabaki kama asilimia 17. Wangu ulikuwa umepita hata hiyo 45. Tena mkanda mrefu hunyumbuka kuliko mfupi, kwa hiyo ule wa kufika sakafuni unakuachia uende mbele zaidi kabla haujakushika.

Tukapelekwa kwa mzee mmoja ambaye amejenga keji miaka mingi. Tulimwamkia, nikamwambia, "Mzee, tunataka boriti ya kufungia mikanda." Hakugusa grinda. "Vaeni helmeti na HANS, mkae wote wawili. Mimi sipimi kiti kitupu." Alivuta uzi kutoka begani kwangu hadi nyuma, akaweka pima maji, akachora alama ya chaki kwenye nguzo kuu ya keji, kisha akarudia kwa kaka, ambaye ni mrefu kuliko mimi. Pembe zetu hazikulingana. Boriti ikawekwa chini kidogo ya bega la kaka, na kiti changu kikainuliwa.

Kaka alikuwa amebeba kipande cha bomba la maji kilichobaki tulipojenga nyumba. Mzee aliligeuza, akamwonyesha mstari ndani yake. "Mwanangu, hili lina mshono. Lirudishe kwenye maji." Alitumia bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 38 na unene 2.5, kama kanuni zinavyotaka, likachomelewa kutoka upande mmoja wa nguzo hadi mwingine.

Mikanda ya mabegani haikufungwa kwa bolti. Ilizungushwa kwenye boriti na kurudishwa kwenye pingili yake ya chuma yenye mapengo. Hapa nilikaa nikatazama kwa makini: utepe unapita kwenye pingili, unazunguka boriti, unarudi kupita tena, na ncha inapinduliwa kupita mara nyingine juu ya pingili ili ijibane yenyewe. Ukiacha mpito huo wa mwisho, mkanda utashika ukiuvuta kwa mkono, lakini kwenye ajali utateleza kidogo kidogo mpaka utoke. Pingili ikae karibu kabisa na boriti, na ncha ibaki ndefu kama sentimita 10. Kagueni yenu leo, hata kama ilifungwa na fundi mnayemwamini.

Ya kiuno ilirudi kwenye sehemu za kiwandani, ikapita ndani ya tundu za kiti, siyo juu ya kingo zake. Kwa ile ya mapajani ilibidi kutoboa sakafu, na chini yake pakawekwa bamba la chuma la unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 40. Bati tupu halitoshi. Kila sehemu ya kufungia, isipokuwa ya mapajani, inatakiwa ihimili nguvu ya daN (dekanewtoni) 1470, sawa na kuning'iniza uzito wa tani moja na nusu.

Maumivu yaliisha. Vumbi ndilo linalobaki kunisumbua: bizimu huwa zito, na mimi hulipuliza kwa upepo wa kompresa. Oili situmii kabisa kwa sababu inakamata vumbi.

Kisha tukapinduka. Ilikuwa mazoezini, mwendo mdogo, tairi la nyuma likaingia kwenye korongo na gari likalala juu ya paa. Tulibaki tumening'inia, vichwa mbali na vyuma, hakuna aliyesogea kitini. Nilitaka kuzungusha bizimu mara moja, kaka akanipigia kelele niweke kwanza mkono kwenye paa. Nisingefanya hivyo ningeanguka kwa shingo. Kisu cha kukatia mikanda kilikuwa upande wake na mimi sikukifikia. Sasa viko viwili, kila mtu na chake, na tunavijaribu kuvifikia tukiwa tumefungwa.

Mikanda hiyo haikuonyesha uzi hata mmoja uliokatika, lakini ilishabeba miili yetu kwenye ajali, basi tumeagiza mingine, aina ileile. Jirani aliiona kwenye karakana akataka kuinunua aifunge kwenye Probox yake. Probox haina keji, haina boriti, na viti vyake havina tundu za kupitishia mikanda. Aliongeza bei mara mbili. Jioni nilichukua kile kisu kipya nikaikata yote vipande vifupi, bizimu nikazitia kwenye gunia la vyuma chakavu.