Uzoefu wangu: darubini ya 8x42 na ya 20-60x80 kwa ndege wa pwani, Julai hadi Septemba

Vifaa ninavyovizungumzia ni viwili, vyote vya daraja la kati. Cha kwanza ni darubini ya macho mawili, 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ni ya milimita 42), yenye uzito wa gramu 700 hivi. Cha pili ni darubini ya jicho moja ya kufungwa kwenye stendi, 20-60x80 (inakuza mara 20 hadi 60, lenzi ya mbele ni ya milimita 80), ambayo lenzi yake ya jicho imepinda kwa digrii 45. Nimevitumia kwa kazi moja hasa: kutazama ndege kisiwani wakati majira ya joto ya nchi za kaskazini yanapoelekea ukingoni, vitwitwi na sululu wakiwa safarini kutoka Aktiki kwenda kusini. Kwa kazi hiyo 8x42 naipa alama zote. Ile kubwa nayo naipa alama nzuri, lakini hiyo 60 iliyoandikwa ubavuni haikuchangia hata moja.

Nianze na hiyo 60. Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele, ukigawe kwa ukuzaji, utapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. 80 kwa 20 ni milimita 4, na picha inang'aa. 80 kwa 60 ni milimita 1.3 tu: picha imefifia, na jicho likihama kidogo unaona giza. Hilo ningelivumilia. Tatizo kubwa ni hewa. Kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi, jua likishapasha mchanga na matope, hewa iliyo karibu na ardhi huanza kucheza, na ukimkuza ndege mara 60 unaikuza na michezo hiyo ya hewa mara 60. Miguu ya kitwitwi inakuwa nyuzi zinazonesanesa, mdomo unarefuka na kufupika. Hakuna lenzi inayotibu hali hiyo, hata iwe ghali namna gani. Siku nyingi nakaa kati ya mara 25 na 35. Kupanda hadi 45 kunalipa alfajiri, baada ya mvua, au mawingu yakiwa mazito. Muuzaji akikusifia 60, wewe mwulize uwanja wa kuona una mita ngapi kwa umbali wa mita 1,000. Kwa 8x42 nzuri ni kama mita 130 au zaidi. Kwa hii kubwa, ikiwa kwenye 20, ni kama 35, na ikiwa kwenye 60 ni chini ya 20. Kundi likiruka, huo uwanja mwembamba haukusaidii kitu.

Kazi ambayo darubini ya stendi inaifanya vizuri kuliko kifaa kingine chochote ni kutambua umri wa ndege, na miezi hii ndiyo yenyewe. Wakubwa hutangulia, Julai na mwanzoni mwa Agosti, wakiwa bado na mabaki ya rangi za kuzalia, manyoya yamechakaa na kuchanganyika mapya na ya zamani. Vijana wa mwaka huo huo hufuata, wengi kuanzia katikati ya Agosti, na wao manyoya yao yote ni mapya, kila moja lina ukingo mweupe au wa kahawia hafifu, hata mgongo unaonekana kama magamba ya samaki. Mfano mzuri ni Calidris ferruginea, aina moja ya kitwitwi. Mkubwa ana viraka vyekundu kifuani na tumboni. Kijana hana wekundu huo, kifua chake kina rangi hafifu ya pichi na tumbo ni safi. Kitwitwi anayechanganywa naye, Calidris alpina, akiwa kijana huwa na madoa meusi ubavuni mwa tumbo. Kwa 8x42, ndege akiwa mbali kidogo, unaishia kusema "kitwitwi". Kwa mara 30 iliyotulia unasema ni yupi na amezaliwa lini.

Kazi ya pili ni kusoma pete na vibendera ambavyo watafiti huwavisha ndege miguuni. Andika rangi ya kibendera, kiko mguu upi, kiko juu au chini ya kiungo, kisha herufi na rangi yake. Rangi ina maana: katika mabara ya Amerika, kibendera cheupe ni cha Kanada, cha kijani ni cha Marekani, cha buluu Brazili, cha rangi ya chungwa Argentina, chekundu Chile. Matope ndiyo yanayoharibu kazi. E inasomeka F, G inasomeka C. Usiandike mpaka umeisoma ndege akiwa amegeuka angalau mara mbili, na kama una shaka, andika kwamba una shaka. Taarifa hupelekwa kwenye kituo cha kitaifa cha kuvisha ndege pete.

Sasa stendi, ambayo watu huinunua kwa chenji iliyobaki. Darubini ya milimita 80 ina uzito unaozidi kilo moja na nusu, na kisiwani kuna upepo. Stendi ya kilo moja inatetemeka, na mtetemo kwenye mara 30 unafuta kila ulicholipia kwenye kioo. Kama bajeti ni moja, punguza kwenye darubini uongeze kwenye stendi. Fungua kwanza vipande vinene vya miguu, vile vyembamba vya mwisho uviache ndani. Mhimili wa katikati usiupandishe. Hapa ndipo lenzi iliyopinda inapokuwa na faida: unatazama ukiwa umeinama kidogo, stendi inakuwa fupi, na fupi hutulia. Hasara yake ni kulenga. Mgeni atahangaika kumpata ndege. Anza kila mara kwenye 20, mpate, ndipo ukuze. Iliyonyooka hulengwa kwa urahisi, na ukiwa ndani ya gari au kibanda cha kujifichia ni bora zaidi. Ukining'iniza mkoba kwenye stendi ili kuongeza uzito, hakikisha unagusa chini, la sivyo unabembea na kuleta mtetemo mpya. Kwenye matope weka kipande bapa chini ya kila mguu. Vifungo vya kuzungusha hushika mchanga kuliko vya kubana. Vyovyote ulivyo navyo, ukirudi vifungue, visuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uviache vikauke vikiwa wazi.

8x42 yenyewe sina la kuilaumu, ila watu wengi wanaitumia bila kuirekebisha halafu wanasema kioo kibovu. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama kitu kilichosimama kama mita 50 kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka kiwe kikali. Kisha ziba ya kushoto, tazama kitu kile kile kwa jicho la kulia, na safari hii usiguse gurudumu; zungusha pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia. Basi, imekwisha. Kwa nini 8 wakati 10 ipo? Kwa sababu mkono hutetemeka, na upepo wa pwani huongeza. Pia duara la mwanga la 8x42 ni milimita 5.25, la 10x42 ni 4.2, na tofauti hiyo unaiona alfajiri na magharibi. Mvaa miwani atafute umbali wa jicho (nafasi kati ya lenzi ya jicho na jicho ambapo bado unaona picha nzima) usiopungua milimita 15 au 16 na akunje vikombe vya mpira, asipofanya hivyo ataona nusu ya duara tu.

Ratiba ya maji ni sehemu ya vifaa. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wametawanyika mbali na hata mara 60 haiwafikii. Fika mapema, muda wa saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa. Maji yanapopanda yanawasogeza kwako hatua kwa hatua, mpaka wanajikusanya kwenye kipande cha mwisho kilicho kikavu. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga au mpevu, wanasongwa karibu zaidi, na pengine ufuo wote unafunikwa nao wanahama kabisa. Maji mafu, yasiyopanda sana, hayana msukumo huo. Kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo mahali palipokuwa pazuri asubuhi wiki hii, wiki ijayo patakuwa pazuri kwa saa nyingine. Uzuri wa kisiwa ni kwamba kina ufuo kila upande: asubuhi tazama ukiwa pwani ya magharibi, jioni ya mashariki, ili jua liwe mgongoni mwako. Ndege akiwa mbele ya jua ni kivuli tu, hata kwa kioo cha bei mbaya.

Kuhusu umbali, kundi lenyewe hukwambia. Wakiacha kula na kuinua vichwa, simama. Wakianza kutembea kukukwepa, rudi nyuma. Wanakula ili kuweka mafuta ya safari. Mwaka 2022 kijana mmoja wa Limosa lapponica, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, bila kutua. Kumrusha ndege kama huyo kwa ajili ya picha ya simu ni kumchomea akiba. Wakiruka ghafla wote kwa pamoja na wewe hujasogea, achana na stendi, inua 8x42 angani: mara nyingi kuna kozi, ndege mwindaji.

Buabua pia ni wa 8x42, kwa kuwa hawatulii. Sterna hirundo mwishoni mwa msimu huonyesha kabari nyeusi juu ya bawa, manyoya ya nje yakiwa yamechakaa. Sterna paradisaea bawa lake hubaki safi. Wanyama wa baharini wanagawanyika kati ya vifaa hivi viwili. Sili hupanda miambani maji yakipwa, na kwenye visiwa vya Atlantiki ya Kaskazini Agosti ni wakati ambapo sili aina ya Phoca vitulina hubadilisha manyoya, hivyo hukaa nje ya maji kwa muda mrefu. Mara 25 inatosha kuona pua: matundu yake huelekeana chini na kufanya V, wakati ya sili mwingine, Halichoerus grypus, yameachana na kusimama sambamba. Pomboo ni suala la bahari kuliko kioo. Upepo ukishavunja povu jeupe kila mahali, hutawaona. Na ukiwa ndani ya mashua usifungue stendi kabisa, maana mashua inatikisika nayo inatikisika.

Chumvi. Darubini yenye alama ya IPX7 imepimwa kuzama mita 1 kwa dakika 30, na gesi ya naitrojeni iliyojazwa ndani huzuia ukungu wa ndani, lakini wa nje haizuii. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba ipate joto kwanza. Usifute kamwe chumvi au mchanga mkavu, unakwaruza rangi ya kinga ya lenzi. Utaratibu wangu ni huu: puliza kwa kipulizio cha mpira, piga brashi laini, suuza kwa maji safi, ndipo upitishe kitambaa laini. Dawa ya mbu yenye kemikali ya DEET huyeyusha baadhi ya plastiki na kuharibu mpira, kwa hiyo jipake kwa nyuma ya mkono na usafishe viganja kabla ya kushika darubini.

Ukienda kununua 8x42, itoe nje ya duka na uilenge kwenye ukingo wa paa ulio mbali. Isogeze polepole mbali na macho ukiendelea kutazama. Ule mstari wa paa ukigawanyika, mmoja juu na mwingine chini, prizimu (vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga) hazikukaa sawa na utapata maumivu ya kichwa kabla ya saa kuisha, omba nyingine.