Mundu au lungi, kipi bora kwa mwanaume wa Kerala?

Huu ubishi hauishi kwenye vibanda vya chai vya Kerala, kule kusini mwa India. Mundu ni ile shuka nyeupe ya pamba ya kufunga kiunoni, lungi (wengine huita kaili) ni ile ya rangi na madrafti, ukiiona kwa mbali utadhani msuli wa Lamu.

Bei, lungi inashinda mapema. Mundu ya kawaida nayo si ghali, ila ukigusa zile za kufumwa kwa mkono za mji wa Balaramapuram zenye ukingo wa dhahabu, hapo jipange.

Usafi ndo balaa. Mundu inataka kufuliwa, kutiwa wanga, kupigwa pasi, halafu unaenda nayo kwenye mlo wa Onam, ile sikukuu ya mavuno, unakaa mbele ya jani la mgomba na payasam, ule uji mtamu, inatiririka kama mto Periyar, tone moja tu mama kashaliona kutoka jikoni. Lungi haina habari, inameza doa la chai, mafuta ya nazi, tope la mvua za Juni, na kesho unaivaa tena.

Kukaa kiunoni zote mtihani. Siku hizi kuna mundu za velkro, wazee wanacheka, mie naziunga mkono. Na zote unazikunja juu ya magoti, akipita mwalimu wako wa zamani unashusha chap.

Kwa hekalu la Guruvayur, harusi au kwenda kuposa, vaa mundu. Kupanda mnazi na kulala, lungi. Na kama uko Dubai chumba kimoja na wenzako kibao, lungi mbili zinatosha, mundu ikae sandukuni hadi Onam.