Kitasa kile kile, ufunguo mwingine: huduma ya kubadilisha pini nyumbani kwa mama

Nyumba anayoishi mama ina milango mitatu ya nje, na kwa miaka mingi hakuna mtu katika familia aliyeweza kusema funguo zake ziko mikononi mwa nani. Mpangaji wa chumba cha nyuma alihama na wake. Mafundi rangi waliachiwa nakala. Wasaidizi waliomhudumia mama walipokezana, na kila aliyeondoka tulisahau kumdai. Simtuhumu hata mmoja wao. Ila mama sasa anatembea kwa fimbo, usiku mwingine analala peke yake, na mimi nataka kujua kwa hakika ni nani anaweza kufungua mlango akamkuta kitandani.

Kwa hiyo nilimwita fundi vitasa. Sikutaka ang'oe vitasa, nilitaka abadilishe pini zilizomo ndani, vile vijipande vidogo vinavyoutambua ufunguo, ili funguo zote zilizozagaa zisifungue tena. Naandika maoni yangu kwa kirefu kwa sababu watu wengi ninaozungumza nao bado wanadhani dawa pekee ni kununua kitasa kipya.

Kilichonifanya nimwamini kilitokea kabla hajafungua skrubu hata moja. Alitaka kujua mimi ni nani katika nyumba ile, kisha akaomba azungumze na mama mwenyewe. Akamwamkia, akamweleza anachokuja kufanya, akamuuliza kama ameridhia. Mama akasema ameridhia. Fundi anayebadilisha funguo za nyumba kwa yeyote anayempigia simu ni hatari kwa sababu anaweza kumfungia mwenye nyumba nje kwa ombi la mtu asiyehusika. Ukimwita fundi naye asiulize lolote, hiyo peke yake ingetosha kwangu kumrudisha alikotoka.

Swali lake la pili lilikuwa: "Dada, ufunguo unaofanya kazi upo?" Wa mlango wa mbele ulikuwepo. Wa mlango wa pembeni ulipotea zamani, tukawa tunaufunga kwa komeo la ndani tu, kwa hiyo pale ilimbidi atekenye pini moja moja kwa vyuma vyembamba mpaka kitasa kikakubali kuzunguka. Kazi hiyo ilimla muda kuliko mengine yote, na aliitoza kando. Alikuwa ameniambia mapema, kwa hiyo sina kinyongo.

Vitasa hivyo viwili ni vya silinda ya pini, aina ambayo Linus Yale Mdogo aliipatia hataza nchini Marekani katika miaka ya 1860, na kanuni yake ni ile ile hadi leo. Katikati ya silinda mna kiini, yaani kile kipande kinachozunguka unapogeuza ufunguo. Kiini kina safu ya vijitundu, mara nyingi vitano au sita, na ndani ya kila kimoja mna pini mbili zilizopandana, na springi ndogo inayozisukuma. Ufunguo usipokuwemo, pini za juu huzama nusu ndani ya kiini na kukizuia. Ufunguo wenyewe ukiingia, meno yake huinua kila jozi kwa kimo chake, mpaka pale pini ya chini inapoachana na ya juu pawe sawasawa na ukingo wa kiini. Hapo tu ndipo kinapozunguka. Ukibadilisha zile pini za chini, ukaweka nyingine za urefu tofauti, kitasa kinakuwa hakiujui tena ufunguo wa jana. Gamba, kishikio na skrubu vinabaki vilivyo.

Nilimwomba afanye kazi mezani nikiona. Alitandika kitambaa, akatoa silinda, akageuza kiini kidogo kwa ufunguo, kisha akakisukuma kitoke huku akikifuatisha na kijiti cha mviringo chenye unene ule ule, ili pini za juu na springi zisiruke. Pini za zamani zikamwagika kitambaani, vijipande vya shaba vidogo kuliko punje ya mchele. Akachomeka ufunguo mpya kwenye kiini kitupu, akaanza kudondosha pini mpya kwa kibano, akichagua kila moja kutoka kwenye kisanduku chenye vyumba vilivyoandikwa namba. Mwisho akapitisha kidole juu ya kiini. Panapokwaruza, pini ni ndefu, na panapobonyea, ni fupi. Alibadilisha moja, akapitisha kidole tena.

Hapa nilikuwa nasubiri kuona kama atashika tupa. Wapo mafundi wasiobeba pini za vipimo vyote, wanachukua yoyote iliyo ndefu kidogo na kuisaga papo hapo mpaka ilingane. Mlango utafungua, lakini kiini nacho kinasagwa pamoja na pini, na baada ya muda ufunguo unaanza kukwama. Huyu hakugusa tupa. Wala hakupulizia mafuta ya kawaida, ambayo hukusanya vumbi. Alitia unga wa grafaiti, basi.

Jambo jingine zuri ni kwamba funguo mpya alizichonga kwa namba za vimo, yaani namba zinazosema kila jino la ufunguo liwe na kimo gani, hakunakili kutoka kwenye ufunguo mwingine uliochakaa. Tofauti ya kimo kimoja na kinachofuata haifiki milimita moja, kwa hiyo kila nakala ya nakala hurithi kasoro za iliyotangulia na kuongeza zake. Ndiyo sababu funguo za zamani za mama zilihitaji kutikiswa kabla ya kufungua. Hizi mpya zinazunguka kwa vidole viwili, na kwa mtu mwenye baridi yabisi mikononi hilo si jambo dogo.

Zile namba za vimo nilizidai, na nawasihi nanyi mzidai. Mwenye namba hana haja ya ufunguo, atachonga wake. Aliniandikia kwenye kadi, na ukurasa wa daftari lake akauchana akanipa mbele ya mama. Siku hiyo hiyo mpwa wangu akataka kupiga picha funguo mpya aziweke kwenye kundi la familia, nikamzuia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kuwa picha ya ufunguo inatosha kusoma vimo vyake kwa kompyuta, hata ikipigwa kwa lenzi ya mbali kutoka umbali wa karibu mita 60. Maandishi ya "usinakili" yanayogongwa kwenye baadhi ya funguo nayo hayamzuii mtu yeyote mwenye mashine. Kinachosaidia ni ufunguo wa umbo lililolindwa kwa hataza, ambao nakala yake hutolewa kwa kadi ya mwenye kitasa. Huo sisi hatukuuweka.

Sasa malalamiko. Kwenye simu aliniahidi ufunguo mmoja kwa milango yote mitatu. Ahadi hiyo haiwezi kutolewa na mtu ambaye hajaviona vitasa, maana ili vishiriki ufunguo lazima tundu la ufunguo liwe na umbo moja. Wa mbele na wa pembeni vilioana vizuri. Mlango wa nyuma una kitasa cha kuzamishwa ubavuni mwa mbao, chenye ufunguo mrefu na vibati ndani badala ya pini. Vitasa vya namna hiyo wakati mwingine hubadilishwa kwa kupanga upya au kuweka vibati vingine, lakini chake kilikuwa kimepigwa ribiti na hakifunguki bila kuharibika. Tukaishia kununua kipya kwa mlango huo. Fundi hakukosea kushauri hivyo, alikosea kuahidi. Mama alikuwa ameshafurahia habari ya ufunguo mmoja, na sasa anabeba mbili.

Alipendekeza pia kwamba mlango wa chumba cha mpangaji uwe na ufunguo wake, na sisi tuwe na ufunguo mkuu unaofungua vyote. Nilikataa. Ili kitasa kikubali funguo mbili, fundi huongeza kipande chembamba kati ya pini ya chini na ya juu, na kila kipande cha namna hiyo huzaa kimo kingine ambacho kitasa kitakubali. Mwaka 2003 Matt Blaze, mtafiti wa usalama wa kompyuta, alieleza wazi jinsi mtu mwenye ufunguo wa kawaida katika mfumo kama huo, akiwa na kitasa kimoja cha kujaribia, anavyoweza kuupata ule mkuu bila kufungua chochote kwa nguvu. Jengo la ofisi huenda likalazimika kuishi na hilo. Nyumba ya mama hailazimiki.

Nisiwadanganye pia kuhusu kile huduma hii isichofanya. Kitasa dhaifu kinabaki dhaifu. Kama pini ni tano na vimo sita, hesabu inatoa mipangilio 7,776 tu, na watengenezaji huondoa baadhi. Fremu ikiwa imeoza, au kile kibati cha fremu kinachopokea ulimi wa kitasa kimeshikwa na skrubu fupi, mtu atausukuma mlango kwa bega wala hatauliza ufunguo. Fundi mwenyewe ndiye aliyenionyesha skrubu za mlango wa pembeni, akaweka ndefu zaidi zinazofika kwenye mbao nene nyuma ya fremu.

Funguo zilipotoka, alizihesabu mezani mbele ya mama, na mama ndiye aliyezigawa. Nilikuwa nimeandika orodha yangu, akaiweka pembeni. Nyumba ni yake. Alinipa mimi, akampa kaka yangu, na wa msaidizi akasema utundikwe jikoni, achukue akiingia zamu na kuurudisha akitoka. Kisha akatenga mmoja kwa jirani wa kike ambaye mimi sikuwa nimemfikiria kabisa, kwa sababu ndiye anayesikia mama akiita usiku. Binamu yetu mmoja alinuna kwamba hakupewa, na alimpigia mama simu kulalamika. Mama akamjibu abishe hodi kama watu wengine, atafunguliwa.

Kwa ujumla nimeridhika, na gharama ya vitasa viwili vilivyobadilishwa pini ilikuwa chini kwa mbali kuliko kile kimoja tulichonunua. Msaidizi wa sasa akiondoka na ufunguo, nitamwita fundi huyu huyu. Ila nitamtumia kwanza picha za ubavu wa kila mlango na matundu ya vitasa, bila kumwonyesha ufunguo wowote, na sitakubali aniambie idadi ya funguo kabla hajaziangalia picha hizo.