Zora au Makena: nafasi mbili za Sarah Hassan

Mwaka 2021 Sarah Hassan, mwigizaji na mtangazaji ambaye Wakenya walimzoea tangu enzi alipoigiza Tanya katika tamthilia ya shule ya Tahidi High, alionekana katika nafasi mbili zisizofanana. Zora, tamthilia ya Kiswahili ya Jiffy Pictures, kampuni ya watangazaji Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ilimpa nafasi ya Zora, mke katika ndoa yenye misukosuko, na kwa kuwa ilirushwa Citizen TV bila malipo, iliingia hata sebule zisizo na intaneti. Urefu wa tamthilia hiyo ulimruhusu kuyajenga maumivu polepole, ingawa, kama tamthilia nyingi za aina hiyo, hadithi huzungukazunguka mno. Katika Crime and Justice, tamthilia ya upelelezi ya Showmax, huduma ya video mtandaoni iliyokuwa ikilipiwa, yeye ni Makena, mpelelezi wa Nairobi anayeshirikiana na Silas, yaani Alfred Munyua. Msimu wa kwanza una vipindi 8 tu, hivyo mwigizaji hana muda wa kupoteza: jicho kali na kimya kifupi mbele ya mshukiwa hufanya kazi ambayo Zora angeifanya kwa machozi. Kwa maoni yangu, Makena ndiye mgumu zaidi kuigiza, japo Zora ndiye aliyezungumziwa zaidi mitaani.